Chora Mkato, Siyo Sura: Hotuba kwa Wanafunzi wa Usanifu Majengo Wanaokwenda Muhula Italia

Mgeni rasmi, walimu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaosafiri: itifaki imezingatiwa. Muda tuliopewa ni mfupi, kwa hiyo tunaingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mnakwenda Italia kwa muhula mmoja, kusoma usanifu majengo na kuzunguka miji. Wanafunzi wa pande zote za dunia hufanya safari hiyo kila mwaka, na wengi hurudi na maelfu ya picha za sura za majengo. Picha hizo zipo tayari kwenye simu zenu, na nyingi ni nzuri kuliko zile mtakazopiga. Kisichopatikana kwenye simu ni mkato. Jengo likikatwa kwenye mchoro kuanzia kilele cha paa hadi chini ya msingi, ndipo unapoona ukuta una unene gani, maji ya mvua yanaelekea wapi, sakafu imekalia nini, na aliyesimama mtaani anatazamanaje na aliye dirishani. Ombi letu ni hilo: chora mkato. Na mkato hauchoreki bila kupima.

Ukilikubali ombi hilo, ratiba yako yote inabadilika. Orodha ya miji kumi na tano kwa muhula haifai tena. Mji mmoja unataka walau siku tatu. Siku ya kwanza unatembea na kuchora kwa mkono bila kupima kitu. Siku ya pili unapima, na usiku uleule unakaa mezani kuhamisha vipimo kwenye mchoro wenye skeli. Siku ya tatu unarudi kupima ulichosahau, maana daima kuna kilichosahaulika: upana wa nguzo moja, kimo cha ngazi ya kwanza, umbali kati ya kona mbili ulioonekana dhahiri kiasi kwamba hakuna aliyeuandika. Ukiwa umeshapanda treni, kipimo hicho hakipatikani tena, na mchoro mzima unabaki na pengo. Miji sita iliyopimwa vizuri inatosha kabisa kwa muhula.

Karatasi kwanza, kwa ufupi. Muhula unazidi siku 90, kwa hiyo viza yenu ni ile ya taifa, aina D, ya masomo. Mkishafika mna siku 8 za kazi kupeleka maombi ya kibali cha kukaa, kinachoitwa permesso di soggiorno. Bahasha ya fomu inatolewa bure posta. Stempu ya ushuru ya euro 16 inauzwa kwenye duka la tumbaku. Unaambatanisha nakala za pasipoti, viza, bima ya afya na barua ya chuo, kisha unairudisha posta ikiwa wazi, kwa sababu karani lazima aikague kabla ya kuifunga. Gharama zote pamoja zinazidi euro 100, wekeni akiba hiyo pembeni. Risiti ya posta ndiyo kinga yenu hadi kadi itoke, na mara nyingine kadi hutoka muhula ukiwa umekaribia kwisha. Tembea nayo pamoja na pasipoti.

Hapohapo ombeni chuo kinachowapokea karatasi mbili nyingine. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa mwaka huu wa masomo. Wanafunzi wa usanifu majengo walioandikishwa katika vyuo vya Umoja wa Ulaya huingia bure katika makumbusho na magofu ya serikali, na mwanafunzi wa kubadilishana anaonyesha haki hiyo kwa cheti, siyo kwa kitambulisho cha chuo cha nyumbani. Makanisa na majumba ya manispaa yana utaratibu wake na hayafuati msamaha huo. Ya pili ni barua ya utambulisho yenye mhuri, inayotaja majina yenu, tarehe na kwamba mnapima kwa ajili ya masomo. Barua hii ndiyo inayomshawishi mtunza kanisa awafungulie mlango wa pembeni. Kutumia mguu wa kamera ndani kunahitaji ruhusa karibu kila mahali, na droni juu ya mji wa kale msithubutu.

Sasa vifaa. Futi kamba ya mita 5 kwa kila mtu, na tepu moja ya mita 30 kwa kikundi. Kipimo cha leza cha mita 50. Timazi. Daftari la kuchorea la A4 lenye karatasi nzito inayohimili rangi ya maji, na ubao mwepesi wa A3 wa kubania karatasi. Penseli za HB na 2B, kalamu za wino usiochuruzika za 0.1, 0.3 na 0.5. Kimoja zaidi ambacho wanafunzi wa huko wengi hawana, lakini kila fundi mwashi hapa kwetu anacho: mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 10 hivi, ambao maji husimama usawa mmoja kwenye ncha zake zote mbili. Kwa kupima tofauti ya kimo kwenye uwanja wenye mteremko, hatujui kifaa cha bei hiyo kinachoushinda.

Leza ina mitego miwili, na tunaitaja kwa sababu inaharibu kazi ya watu wengi. Juani, zile nukta nyekundu hupotea baada ya mita kama kumi. Pimeni alfajiri au jioni, na mmoja ashike kadi nyeupe mwishoni mwa kipimo. Mtego wa pili ni mpangilio wa mahali leza inapoanzia kuhesabu. Kifaa kinaweza kuhesabu kuanzia mgongo wake au kuanzia uso wake, na tofauti ni urefu wa kifaa chenyewe, sentimita kumi na kitu. Mtu akibonyeza kitufe hicho bila kujua, vipimo vya asubuhi na vya mchana haviwezi kukutana. Kila baada ya nusu saa pimeni tena umbali mmoja mnaoujua. Tepu nayo, ikivutwa hewani kwa mita 20, hulegea katikati na kutoa namba kubwa kuliko kweli. Ilazeni chini.

Uwanja wa kuanzia, kwa maoni yetu, ni wa Pienza, kusini mwa Siena. Ni mdogo, watu watatu wanaumaliza kwa siku moja, na karibu kila jambo la kujifunza lipo pale. Papa Pius II alizaliwa kijijini hapo, na kati ya 1459 na 1462 alimtumia msanifu Bernardo Rossellino kukigeuza kuwa mji. Uwanja una kanisa kuu upande mmoja, jumba la familia ya Piccolomini kulia kwake, na jumba la askofu kushoto. Ukiangalia haraka utadhani ni mstatili. Siyo. Kuta mbili za pembeni zinatanuka kadiri unavyolikaribia kanisa, ndiyo maana kanisa linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na pande zake mbili zinabaki nafasi ambazo macho yanapenya hadi bonde la Orcia.

Kazi inakwenda hivi. Mmoja anachora umbo zima la uwanja kwa mkono, likijaza karatasi ya A3, kabla ya kipimo chochote. Kila kona inapewa namba. Kisha mnachagua mstari wa msingi, tuseme kati ya pembe mbili za ukuta wa kanisa, mnaupima mara mbili. Kutoka kila ncha ya mstari huo mnapima hadi kila kona yenye namba. Pembetatu zinazotokea ndizo zinazojenga ramani, kwa sababu pembetatu yenye pande tatu zinazojulikana haina namna ya kupinda. Epukeni pembetatu nyembamba sana, yaani zenye pembe chini ya digrii 30, kwani kosa la sentimita mbili kwenye tepu linasogeza kona kwa sentimita nyingi kwenye mchoro. Halafu pimeni umbali mmoja wa ziada ambao haukuhitajika, na mkishachora, uangalieni kama unalingana. Usipolingana, mnajua usiku huohuo kwamba kuna kosa, na kesho mpo.

Vipimo vya ukuta mrefu vichukuliwe vyote kutoka sifuri moja. Mlango unaanza 2.14, unaishia 3.61, dirisha linaanza 5.02, na kuendelea, tepu ikiwa imelala palepale. Ukipima kipande kwa kipande na kujumlisha, kila kipande kinaleta kosa lake dogo na mwisho wa ukuta unakuta umepotea kwa upana wa tofali. Kwa kimo, pale palipo na matofali yanayoonekana, pimeni kozi kumi, yaani safu kumi za matofali, pamoja na viungo vyake kwenye usawa wa kifua, gawanyeni kwa kumi, kisha hesabuni kozi hadi juu. Angalieni tu kama sehemu ya chini haijakarabatiwa kwa matofali ya kipimo kingine, jambo la kawaida sana, na mhakikishe kwa leza walau mara moja. Chaki na mkanda wa gundi visiguse jiwe kabisa. Namba zikae kwenye mchoro.

Baada ya hapo ingieni kanisani na mpira wa maji, kwa ruhusa. Sakafu inashuka kuelekea madhabahuni, na kuta zina nyufa. Rossellino alilisukuma kanisa hadi ukingo wa kilima ili liwe na urefu uliotakiwa, na nyuma yake ardhi ya mfinyanzi na mawe yaliyopasuka haikuhimili. Nyufa zilianza mapema, na kazi ya kuimarisha imefanyika karne baada ya karne. Chukueni vimo vya sakafu kila baada ya mita mbili kuanzia mlangoni, mchore mkato wa urefu kwa skeli ya 1:100, na mteremko uchoreni tena pembeni ukiwa umekuzwa mara kumi. Ni somo la udongo ambalo hakuna picha ya mbele ya kanisa itakayowaonyesha, kwani mbele kumetulia kama jengo jipya.

Jambo moja la Pienza mlitazame kwa karibu. Chini ya ukuta wa jumba la Piccolomini kuna kibaraza cha jiwe kinachofuata ukuta, mtu yeyote anakaa bila kuulizwa. Majumba ya Florence yanacho pia. Nyinyi mliokua Lamu, Mombasa au Unguja mnaijua baraza kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo mna jicho ambalo wenzenu wa darasani hawana. Pimeni kimo chake, kina chake, na jinsi jiwe la juu linavyotokeza mbele kuacha nafasi ya visigino. Kisha pimeni umbali hadi ukuta wa pili. Mkirudi, fanyeni hivyohivyo kwenye baraza za kwetu, kwa skeli ileile ya 1:20, na mwekeni michoro miwili ukurasa mmoja. Kazi hiyo moja ni bora kuliko albamu nzima.

Siena ni mji wa maji na mteremko. Uwanja wa Campo una umbo la gamba la kombe, umejengwa kwa matofali yaliyopangwa kwa mshazari, na mistari ya jiwe jeupe inaugawa vipande tisa, kwa kumbukumbu ya serikali ya Watu Tisa iliyotawala mji wakati huo. Vipande vyote vinashuka kuelekea mbele ya ukumbi wa mji, Palazzo Pubblico, na pale chini kabisa kuna mdomo wa mtaro unaomeza mvua ya uwanja mzima. Anzeni kupima kwenye chemchemi ya Fonte Gaia upande wa juu, mkishuka na mpira wa maji kwa hatua za mita nane hadi kwenye mtaro. Mapovu ndani ya mpira ndiyo adui: povu moja tu linapotosha kimo, kwa hiyo jazeni polepole, ncha zote mbili zikiwa wazi, mkapitishe kidole urefu wote wa mpira. Fikeni saa moja asubuhi. Saa nne uwanja umejaa watu walioketi. Na mwishoni mwa Juni msiende kupima sakafu, kwa sababu njia ya kuzunguka uwanja hufunikwa udongo kwa ajili ya mbio za farasi za tarehe 2 Julai, kisha tena kwa zile za tarehe 16 Agosti.

Maji ya Fonte Gaia yanatoka mbali. Siena haina mto, ikalazimika kuchimba njia za maji chini ya ardhi, zinazoitwa bottini, zenye urefu wa kilomita kama 25. Ziara ndani yake hupangwa kwa kuandikishwa kabla. Sanamu mnazoziona kwenye chemchemi ni nakala ya karne ya 19. Mawe halisi ya Jacopo della Quercia yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Santa Maria della Scala, mkabala na kanisa kuu. Kuhusu kuta zinazouzunguka uwanja, kumbukeni kwamba uzuri wake ulitungiwa sheria: mwaka 1297 mji uliagiza kwamba nyumba zinazoelekea Campo ziwe na madirisha yenye vinguzo na zisiwe na roshani za kutokeza. Wanaotaka kufanya kazi ya mipango miji wachore madirisha hayo jengo kwa jengo, waone nani alitii na nani alibadilisha baadaye. Huko huko, pembeni mwa kanisa kuu, umesimama ukuta mtupu wa upanuzi ulioanza 1339 na kukwama baada ya tauni ya 1348. Pandeni juu yake. Ni mkato uliochorwa na historia.

Florence itawachosha, kwa sababu vya kuona ni vingi na foleni ni ndefu. Chagueni viwili. Cha kwanza ni varanda ya hospitali ya watoto yatima, Ospedale degli Innocenti, ambayo Filippo Brunelleschi aliianza 1419. Kabla ya kupima, jifunzeni kipimo chao, braccio, sawa na sentimita 58.4 hivi. Ukipima kati ya nguzo kwa mita unapata namba isiyo na maana, karibu 5.84. Ukigawanya kwa braccio unapata 10 kamili. Kina cha varanda nacho ni 10, kwa hiyo kila chumba, yaani nafasi kati ya nguzo na nguzo, ni mraba uliofunikwa kwa kuba dogo. Pimeni na kimo cha nguzo pamoja na kichwa chake, mwone wenyewe. Wengi hupima kutoka ukingo wa nguzo hadi ukingo wa nguzo, wakashangaa hesabu inakataa. Uwiano unakaa kwenye mistari ya katikati, kwa hiyo pima mzingo wa nguzo, pata kipenyo, kisha ongeza nusu kila upande. Kwetu upana wa chumba cha nyumba ya mawe uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Pale uliamuliwa na namba. Ukijua kilichoamua, umelielewa jengo.

Cha pili ni kuba la kanisa kuu, lililojengwa kati ya 1420 na 1436 bila jukwaa la mbao la kulishikilia kutoka chini. Ngazi ni 463, tiketi yenye saa hukatwa mapema, na njia inapita katikati ya maganda mawili ya kuba, la ndani na la nje. Msikimbilie juu kwa ajili ya mandhari. Katikati ya maganda mnaona jinsi matofali yalivyopangwa kwa mshazari, tofali la kusimama likizuia yale ya kulala yasiteleze kabla chokaa haijashika. Chukueni unene, mwinamo wa kuta na upana wa njia kwa futi kamba mkiwa mnapanda, bila kuzuia walio nyuma. Mtu mmoja apime, mwingine akariri namba, wa tatu aandike kila mnapofika palipo na nafasi.

Bologna tunaipenda kwa sababu ya veranda zake za barabarani, portico, zenye kilomita kama 62 kwa jumla, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2021. Sheria ya 1288 iliwataka wenye nyumba kuzijenga na kuzitunza. Ardhi ni ya mwenye nyumba, njia ni ya watu wote, na juu yake kuna vyumba vya kuishi. Tunaozijua mvua za masika na jua la saa sita tunapaswa kuzisoma hizi kwa bidii kubwa kuliko watu wa Ulaya. Chagueni mtaa mmoja, pimeni portico kumi mfululizo: upana, kimo, unene wa nguzo, ngazi ya kuingilia, na mchore mkato wa mtaa mzima kutoka ukuta hadi ukuta. Mtaona upana unavyobadilika kila mpaka wa kiwanja na jinsi sakafu zinavyounganishwa kwa miteremko midogo. Casa Isolani ina portico ya kale ya mbao yenye nguzo za mwaloni ndefu sana. Pimeni wima wake kwa timazi.

Vicenza ina jengo moja ambalo kila mtu aliyewahi kupewa kazi ya kukarabati jengo bovu anapaswa kuliheshimu. Ukumbi wa zamani wa mji, unaoitwa leo Basilica Palladiana, ulikuwa na umbo lisilo sawa, na varanda yake ilikwishaanguka sehemu. Andrea Palladio alipewa kazi hiyo 1549, akauvika ukumbi varanda mpya ya jiwe jeupe. Tao la katikati ni lilelile katika kila chumba. Kinachobadilika ni zile nafasi nyembamba za pembeni mwa tao, kati ya vinguzo na nguzo kubwa. Penye chumba kipana zinatanuka, na kwenye kona zinabanwa sana. Macho yanashika tao na hayagundui. Pimeni chumba cha katikati na cha kona, mvichore kimoja juu ya kingine, na ufundi wote unajitokeza kwenye karatasi.

Venezia nendeni kwa ajili ya kitu kimoja: namna jengo linavyogusa maji. Msingi ni vigingi vya mbao vilivyozama kwenye matope, ambako hakuna hewa ya kuviozesha. Juu yake jiwe la Istria lisilonyonya maji, na juu ya jiwe hilo ndipo matofali. Chumvi ikipanda kuvuka jiwe, lipu inapukutika na tofali linageuka unga, na mtaliona hilo kwenye kila mfereji. Watu wa Bagamoyo na Mikindani wanaujua ugonjwa huo, na pia wanajua lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa inavyouzidisha kwa kufungia unyevu ndani. Ingieni Fondazione Querini Stampalia, ghorofa ya chini iliyofanyiwa kazi na Carlo Scarpa kati ya 1961 na 1963. Hakuyazuia maji. Aliyaacha yaingie kupitia milango ya mfereji, yapande ngazi, yazunguke ndani ya mitaro, huku sakafu ya kutembea ikiinuliwa kama trei yenye kingo. Mkato wa mlango huo kwa skeli ya 1:20 ni wiki moja ya masomo. Tangu 2024 kuna ada ya kuingia mjini kwa wageni wa kutwa katika siku zinazotangazwa. Anayelala mjini halipi, lakini lazima ajisajili.

Roma tunaipita haraka, siyo kwa dharau. Ni mji wa muhula mzima peke yake. Mkiwa na siku tatu, zipeni Pantheon asubuhi moja: kipenyo cha mita 43.3, kimo kilekile, na kuba la zege ambalo kokoto yake inabadilika kutoka jiwe zito chini hadi jiwe jepesi la volkano juu. Angalieni sakafu: imeinuka kidogo katikati na ina matundu ya kupitishia mvua inayoingia kwenye tundu la kuba. Kisha San Carlo alle Quattro Fontane ya Borromini, kanisa dogo ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa macho akiwa ameketi.

Kusini, fikeni Matera. Nyumba zilichimbwa kwenye jiwe laini, na kila mvua ilikusanywa kwenye matangi yenye umbo la kengele, yaliyopakwa chokaa iliyochanganywa na vigae vilivyosagwa ili yasivuje. Watu walipozidi, matangi na bustani vikageuzwa vyumba, mfumo wa maji ukavunjika, na maradhi yakafuata. Sheria ya 1952 iliwahamisha maelfu ya wakazi. Leo ni mji wa hoteli. Wasanifu wa miji ya kwetu inayokua bila mitaro wana la kujifunza pale, na tungetamani mkae siku nne badala ya tatu.

Mwenye nafasi ya kwenda kaskazini mashariki asiache Palmanova, mji wa ngome wenye umbo la nyota ya pembe tisa ulioanzishwa na Venezia 1593. Mwaka huohuo, Mombasa, ujenzi wa Fort Jesus ulianza kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Ni elimu moja ya ngome iliyofika pwani mbili: kila uso wa ukuta unalindwa kutoka pembe ya jirani, asibaki mtu amejificha. Chora mistari ya kulenga kutoka pembe hadi pembe kwenye Palmanova, halafu kwenye Fort Jesus.

Usafiri. Treni za mikoa, Regionale, zina bei moja hata ukinunua dakika ya mwisho. Zile za kasi zinapanda bei kadiri siku inavyokaribia. Tiketi ya karatasi ya Regionale igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, na ya simu ithibitishwe kabla treni haijaondoka, la sivyo ni faini hata kama umelipa. Migomo ni ya kawaida na hutangazwa mapema. Siku za kazi, treni za mikoa zilizohakikishwa ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Urbino haina treni, unashuka Pesaro na kupanda basi. San Gimignano, basi kutoka Poggibonsi. Jumapili mabasi ya vijijini hupungua sana, kwa hiyo Pienza msiipange siku hiyo. Makumbusho mengi hufunga Jumatatu, na makanisa hufunga mchana kuanzia saa 6 au saa 6 na nusu hadi saa 9 na ushee. Mabega na magoti yafunikwe.

Baridi msiichukulie kirahisi. Mnaoanza Februari, vidole havitashika penseli zaidi ya dakika ishirini bila glovu zilizokatwa ncha, na rangi ya maji haikauki kwenye ukungu. Mnaoanza Septemba, kumbukeni kwamba Desemba giza linaingia kabla ya saa 11 jioni. Pangeni kupima nje mchana, kuchora ndani jioni.

Mwisho, mtihani. Masomo mengi ya historia na nadharia hutahiniwa kwa mdomo, kwa Kiitaliano isipokuwa mmekubaliana vingine na mwalimu, alama zikiwa juu ya 30, na 18 ndiyo ya kufaulu. Kwenye studio, mwalimu anapitia kazi yako mezani kila wiki, na anayekuja na karatasi za vipimo vya kwake husikilizwa. Kabla ya kuondoka hakikisheni orodha ya masomo mliyokubaliana na vyuo vyote viwili imesainiwa upya kama mlibadilisha somo lolote, kwani somo lisiloandikwa humo halihesabiwi nyumbani. Karatasi za vipimo zenye madoa na marekebisho msizitupe. Ziskanini zote, andikeni tarehe, mji na majina ya waliopima, na asili zake mzibebe kwenye mkoba wa mkononi, kisu cha kuchongea penseli kikiwa kwenye sanduku kubwa.

Asanteni kwa kutusikiliza. Sasa tupokee maswali, tukianza na wanaoondoka mwezi huu.